Uraibu wa Simu, na Nani Astahiliye Kuitwa Mraibu

Neno uraibu, kwa wazee wetu wa Mwambao, halikuwa neno la kutisha. Uraibu ulikuwa ni tambuu na popoo, chokaa na tumbaku, vitu vipangwavyo ndani ya kijaluba na kutangulizwa mbele ya mgeni kabla ya maneno. Aliyeuzoea akiukosa alihisi kichwa kizito na mazungumzo hayana ladha, na watu wakimcheka kwa mapenzi huku wakimletea. Baadaye neno likahama. Tulitajapo sasa twakusudia bangi, na kwa wengine miraa, na zaidi ya yote ule unga uliowamaliza vijana wetu wengi katika miji hii, hata wenyewe wakawa na neno lao, arosto, kwa ile dhiki impatayo mtu anapokosa. Na leo neno lahama mara ya tatu, lasemwa juu ya simu na mitandao yake.

Ndugu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alitujia baada ya darsa ya magharibi akamshitaki binti yake. Akasema, "Sheikh, mtoto huyu ni mraibu wa simu, nami nataka umsomee, na ukiona yafaa umuandikie kombe." Nikamuuliza umri wake, akasema miaka 16. Nikamuuliza tena: amejuaje kuwa ni mraibu, wala si mtoto aliyependa mchezo tu, kama sisi tulivyopenda mpira hata tukachelewa chuoni tukachapwa? Alinitazama kwa mshangao, kwani kwake jambo lilikuwa wazi kama jua la mchana. Mimi sikuandika kombe. Wasomaji wetu wajua rai yetu katika jambo hilo, wala hatutairudia hapa. Lakini nilirudi nyumbani na swali lake, na kila nilipolipindua nikaona kuwa si swali la utabibu peke yake. Kumwita mtu mraibu ni kumhukumu. Ni kusema kuwa hiari yake imepungua; na hiari ikipungua, lawama nayo yaenda wapi?

Tuanze na waliopima. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bergen, nchi ya Norway, akiwemo bibi Cecilie Schou Andreassen, walitoa kipimo cha maswali sita. Je, mtu huushughulisha moyo wake na mtandao hata akiwa mbali nao? Je, haja yake yazidi kila siku? Je, huukimbilia ili asahau dhiki zake? Je, amejaribu kupunguza akashindwa? Je, huhangaika akizuiliwa? Je, umemdhuru katika kazi yake au masomo? Kwa kila swali mtu hujibu kwa daraja tano, kuanzia nadra sana hadi mara nyingi sana. Mwanachama mmoja wa halaka yetu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyetuletea maswali hayo yamechapwa katika karatasi, na tuliyasoma pamoja. Sitaficha kuwa baadhi ya watu kikaoni walinyamaza kabla hayajafika sita.

Sasa tazama jambo hili kwa uangalifu. Ukisema kuwa mraibu ni yule aliyejibu "mara kwa mara" au zaidi katika maswali manne tu, utapata kaumu ya watu. Ukishikilia kuwa lazima yatimie yote sita, watu watapungua sana. Wataalamu waliokusanya tafiti za namna hii kutoka nchi 32, zenye watu wapatao 34,800, wakatangaza waliyoyaona mwaka 2021, walikuta kuwa kwa sharti kali waraibu ni kama 5 katika kila 100, na kwa sharti jepesi ni 25. Ni watu wale wale, na simu zile zile. Kilichobadilika ni mpaka aliouchora mpimaji. Na Shirika la Afya Duniani, ambalo limeandika katika orodha yake ya maradhi ule uraibu wa kucheza michezo ya kompyuta, halijauandika uraibu wa mitandao ya kijamii kuwa ni maradhi ya peke yake.

Hayo simaanishi kuwa uraibu huu ni wa kubuniwa. Mwenye macho auona. Nataka tu kusema kuwa yule baba, aliposema "mtoto huyu ni mraibu", alichora mpaka yeye mwenyewe, na akauchora mahali ambapo binti yake huangukia ndani na yeye husalia nje.

Na hii ndiyo desturi yetu mjini. Ukiuliza barazani ni nani waliotekwa na simu, utaambiwa ni vijana, kisha utaambiwa ni wanawake, na mazungumzo yatakwisha hapo, kila mtu akarudi kwenye simu yake. Kweli ni kwamba kauli hiyo ina chembe ya haki. Shirika la Afya Duniani, tawi la Ulaya, lilitangaza mwaka 2024 uchunguzi wa watoto karibu 280,000 wa miaka 11, 13 na 15 katika nchi 44 za Ulaya, Asia ya Kati na Kanada. Walioonyesha dalili za kutawaliwa na mitandao walikuwa 7 katika 100 mwaka 2018, na kufikia 2022 wakawa 11. Wasichana walikuwa 13, wavulana 9. Huko Hungary, waliochunguza vijana wapatao 6,000 wakatangaza mwaka 2017, waliwaona walio hatarini ni chini kidogo ya 5 katika 100. Na huko Norway, katika watu zaidi ya 23,000 wa rika zote, ambao habari zao zilitolewa mwaka huo huo, uraibu ulielekea zaidi kwa vijana, kwa wanawake, kwa wanafunzi, na kwa wasio na mwenzi.

Lakini baba aliyefurahi kwa hesabu hizi asifunge karatasi bado. Kwanza, hata kwa wasichana wa Ulaya, wasiotawaliwa ni 87 katika 100. Mwenye kumtuhumu kila msichana ashikaye simu amewadhulumu wengi kwa ajili ya wachache. Pili, na hili ndilo lililonishughulisha mimi zaidi, watu wa Norway walikuta pamoja na hayo tabia mbili za nafsi: waliozidi kujiona, na waliojidunisha. Mmoja hujiona ni kitu, mwingine hujiona si kitu. Wote wawili hukutana mlango mmoja, wakingoja watu wa mbali wawaambie kuwa wao ni akina nani. Maulamaa wetu walioandika juu ya maradhi ya moyo wangalisoma habari hii wasingeshangaa hata kidogo. Kiu ya kutazamwa waliijua kabla ya simu, nao waliita riya na ujubu.

Tatu, wale waliokusanya tafiti za nchi 32 walikuta kuwa katika nchi ambazo watu huishi kwa kushikamana, ukoo kwa ukoo na jirani kwa jirani, uraibu ulihesabiwa kufika 31 katika 100, na katika nchi ambazo kila mtu yuko peke yake ulikuwa 14. Jambo hili ni kinyume cha tunavyojisifu. Sisi husema kuwa Mzungu ndiye aliyetekwa kwa sababu hana ndugu. Kumbe mwenye ndugu wengi ana kamba nyingi! Mtazame mtu wetu mmoja tu: yumo katika kundi la WhatsApp la ukoo wa babake, na la ukoo wa mamake, na la mtaa, na la msikiti, na la waliosoma pamoja, na la harusi iliyokwisha mwaka jana ambalo hakuna aliyethubutu kulivunja. Akinyamaza siku mbili ataulizwa ana kinyongo gani. Akiondoka katika kundi la ukoo ni kama ameondoka katika ukoo. Mtu huyu haburudiki kwa simu, bali atimiza wajibu. Na wajibu ule umekatwa vipande vidogo vidogo mia kwa siku, kila kipande kikilia mfukoni.

Hapa naomba niseme neno juu ya wanawake wetu, kwani nimeona wakilaumiwa bila ya kuulizwa. Namjua mjane mmoja aliyekaa eda yake, miezi minne na siku kumi, na simu mkononi karibu mchana kutwa. Watu walinung'unika. Nilipouliza nikaambiwa kuwa ana mwana Muscat na dada London, na kwamba wao ndio waliokuwa wakimliwaza saa ambazo wageni wa matanga walikwisha kuondoka. Ukihesabu saa zake utamwita mraibu. Ukimuuliza yale maswali sita, hana hata moja: eda ilipokwisha akarudi kwenye shughuli zake, na simu ikarudi juu ya kabati. Kwa hiyo wingi wa saa si dalili inayotosha. Na kuna mwingine, mwanamume, hakai na simu zaidi ya saa moja kwa siku, lakini saa hiyo ni ya alfajiri, amelala kitandani akipekua picha hadi jua lapanda na sala imempita, na kila usiku huazimia kuacha, na kila alfajiri huvunja. Nani kati ya hao wawili amefungwa?

Na sasa kundi ambalo sijaona likipimwa: sisi tuvaao kanzu na kofia na kusomesha. Nitajisema mimi mwenyewe ili nisimseme mwenzangu. Vijana wa halaka walianza kurekodi darsa na kuziweka mtandaoni, nami nilikubali, kwa kuwa elimu ienee. Haukupita mwezi nikawa najua, kwa kila darsa, ni watu wangapi wameitazama. Haukupita mwezi wa pili nikawa najua ni maneno gani yawavutiayo, nayo aghlabu yalikuwa yale ya ukali na ya kumrudi mtu fulani. Nikajikuta nachagua somo kwa hesabu hiyo. Niliita jambo hilo da'wa.

Katika siku hizo ami yangu aliugua, nami nilikuwa nikienda kumtazama kila baada ya asri. Siku moja alianza kunieleza habari ya kipande cha shamba ambacho babu yetu alikitoa wakfu kwa ajili ya kisima cha msikiti, na jinsi mpaka wake wa kaskazini ulivyokuwa kabla minazi ya zamani haijakatwa. Simu ikalia, nikaitazama. Ikalia tena, nikajibu, na nikajibu tena, kwani watu walikuwa wakibishana juu ya maneno niliyoyasema Ijumaa. Nilipoinua kichwa mzee alikuwa amenyamaza, ametazama ukutani. Nikamwambia, "Endelea, ami." Akasema, "Basi, mwanangu, una shughuli." Wiki tatu baadaye alifariki, Mungu amrehemu. Mpaka ule hatuujui hadi leo, na jirani ana madai yake. Nilipoulizwa na yule muuguzi kama mtandao umepata kunidhuru katika kazi yangu, nilijibu kuwa ndiyo, wala sikumweleza zaidi.

Tuje kwenye lawama. Kuna wasemao kuwa mtu hana kosa, vyombo hivi vimetengenezwa ili kumnasa. Kusema kweli, vimetengenezwa hivyo. Wanazuoni wa tabia za wanyama, mashuhuri wao Mmarekani Skinner, walikwisha kuonyesha katika karne iliyopita kuwa njiwa apewaye punje kila adonoapo hutosheka, lakini njiwa apewaye mara hii akanyimwa mara ile, bila ya kujua ni lini, hudonoa hachoki. Simu ni kidude cha namna hiyo hiyo. Huenda kuna habari njema, huenda hakuna; ndiyo maana mkono haupumziki. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ambao kila uuvutapo wateremka mwingine, na baadaye yeye mwenyewe akajuta hadharani. Mwaka 2009 Facebook ikaweka kile kitufe cha kupenda. Na mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni hiyo, alikiri kuwa waliijenga huku wakijua kuwa watumia udhaifu ulio katika nafsi ya mwanadamu.

Fikihi yetu ina mas'ala yafananayo na haya. Mwenye kuchimba kisima katika njia ya watu bila ya idhini, akaangukia mtu, yampasa dhamana. Na mwenye kuchimba katika milki yake, akaingia mtu kwa hiari akaanguka, hana dhamana. Wenye makampuni haya hujitetea kwa hukumu ya pili: hii ni nyumba yetu, hatukumshika mtu mkono. Lakini mimi naona wameshindwa katika hoja hiyo tangu siku njia yenyewe ilipopita ndani ya nyumba yao. Leo tangazo la maziko latoka WhatsApp, na ada ya shule yaulizwa huko, na mwenye kuuza samaki hupata wateja huko. Mahali ambapo watu hawana budi kupita ni njia, hata kama hati ina jina la mtu mmoja. Basi kisima kimechimbwa njiani, na dhamana ipo. Nchi ya Australia yaelekea iliona hivyo ilipopitisha sheria mwaka 2024 ya kuyalazimisha makampuni yenyewe, wala si wazazi, kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16, na sheria ikaanza kutumika Desemba 2025.

Je, dhamana ya mchimbaji yamwondolea lawama aangukaye? Hapana, ila kwa asiyeona. Mtoto ambaye hajabaleghe kalamu haimwandikii, na kwa hiyo mwenye kumpa simu ili anyamaze, naye mama apike au baba alale, dhambi hiyo aitafute mkononi mwake. Ama mtu mzima, hali yake yafanana na mas'ala ya mlevi. Jumhuri ya maulamaa wamesema talaka ya aliyelewa kwa hiari yake yapita, kwa kuwa alipokunywa kikombe cha kwanza akili alikuwa nayo. Na wengine, akiwemo Ibn Taymiyya, wakasema haipiti, kwa kuwa alipotamka hakuwa na akili. Mimi si mwenye kutoa fatwa katika jambo kubwa kama hilo kwa ukurasa huu. Nasema tu kuwa makundi yote mawili hawakutofautiana juu ya kikombe cha kwanza. Na kikombe cha kwanza katika habari yetu chajulikana saa yake: ni ile dakika mtu aamkapo, kabla hajasema neno na Mola wake wala na mkewe.

Wako wenzetu wachache wasemao kuwa dawa ni kuharamisha. Hao nawakumbusha kuwa mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Bey, aliipiga marufuku kahawa, na mapipa ya hoja yakafunguliwa kuwa yalevya na yawakusanya watu kwa upuuzi. Leo kahawa yanyweka Makka, na hapa kwetu huuzwa nje ya misikiti baada ya tarawehe. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, hakuukimbia mtambo wa kupigia chapa kwa kuwa wengine huchapa upuuzi. Imam Ghazali naye, katika Ihya, ameeleza kuwa tabia nzito haiondolewi mara moja. Huenda mtu akahitaji kuihamisha kwanza kwenye jambo lililo jepesi kuliko hilo, hata ikiwa lenyewe halijawa safi, mfano wa mtu anayeosha damu kwa kitu kisicho safi, kisha akakiosha kile kwa maji. Huo ni ushauri wa mtu aliyeijua nafsi. Anayeshindwa kuiacha simu usiku, aiache kwanza chumba cha pili. Anayeshindwa kutoka katika makundi kumi, atoke katika lile la harusi.

Sisi katika halaka tumefanya jambo dogo. Hesabu ya watazamaji wa darsa haniletei mtu tena. Kijana mmoja anayo, naye amekatazwa kunitajia. Miezi mitatu ya mwanzo nilimuuliza mara mbili. Na tumeweka kapu mlangoni, simu huwekwa humo hadi isha, na mwenye mgonjwa nyumbani huruhusiwa kukaa na yake.

Yule baba alirudi baada ya wiki mbili kutaka jawabu. Nilimwambia binti simuoni kuwa ana jini wala maradhi, na kwamba huenda ana upweke. Kisha nikampa karatasi ya maswali sita, nikamtaka ayajibu yeye na binti yake pamoja, wameketi mkeka mmoja, kila mtu ajibu yake kwa sauti. Akaisoma pale pale amesimama. Akasema kuwa yeye ni wa kundi la maziko, na kundi la biashara, hawezi kuwa sawa na mtoto. Nikamwambia huenda kweli. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akaaga.